Mtoto Anapokiuka Amri ya Mahakama ya Kumlinda Mtu Mwingine: Sheria Haimpeleki Gerezani, Wala Haimfumbii Macho

Na Mwandishi Wetu, Babati

Katika kata kama Sigino, iliyopo Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, majirani hukutana kila siku. Njia ya kwenda shule ndiyo hiyo hiyo ya kwenda shambani, na anayemwogopa mwenzake hana mahali pengine pa kupita. Ndiyo maana Mahakama inapoamuru mtu asimkaribie mwingine, amri hiyo huwa ni kinga ya kweli au huwa si kitu kabisa, kutegemea yanayofanyika siku ya kwanza inapovunjwa.

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 16 amemtishia na kumpiga binti wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu alimkataa. Kijana amefikishwa Mahakama ya Watoto na kuachiwa kwa masharti: asifike nyumbani kwa binti huyo, asimsubiri njiani, asimtumie ujumbe wa simu yeye mwenyewe wala kwa kupitia mtu mwingine, na aripoti kwa Afisa Ustawi wa Jamii kila anapotakiwa. Wiki tatu zinapita kwa utulivu. Jioni moja binti anamkuta amesimama kwenye kona ya njia, na usiku anapokea ujumbe kutoka simu ya rafiki wa kijana huyo: "Utaona."

Mama wa binti anapoeleza jambo hilo, baadhi ya watu wanamjibu kwamba huyo ni mtoto, Serikali haiwezi kumfanya chochote. Wengine wanataka vijana wenzake wamfundishe adabu kwa fimbo. Majibu yote mawili yanapingana na sheria. Makala haya yanaeleza kile ambacho sheria za Tanzania Bara zinasema, na hatua ambazo kila upande unapaswa kuzichukua.

Amri ya ulinzi inatoka wapi?

Baadhi ya nchi jirani zina sheria mahususi ya jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2015, inayomruhusu mtu aliyetendewa ukatili, akiwemo mtoto kupitia mwakilishi wake, kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Uganda ilikuwa na sheria ya aina hiyo tangu mwaka 2010. Tanzania Bara haina sheria moja yenye jina hilo. Hata hivyo, ulinzi wenyewe upo, ila umetawanyika katika sheria kadhaa, na mwananchi anapaswa kujua ni mlango upi anaoubisha.

Mlango wa kwanza ni masharti ya dhamana. Mtuhumiwa anaposubiri shauri lake kusikilizwa, Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti yanayomlinda mlalamikaji na mashahidi, likiwemo sharti la kutowakaribia wala kuwasiliana nao.

Mlango wa pili ni dhamana ya kutunza amani, iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20. Hakimu akipata taarifa ya kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita aeleze kwa nini asitakiwe kuweka ahadi ya maandishi, pamoja na wadhamini au bila wadhamini, kwamba atatunza amani kwa muda utakaotajwa. Njia hii haisubiri mtu aumizwe ndipo itumike.

Mlango wa tatu ni amri inayotolewa baada ya mtoto kukutwa na hatia. Sheria ya Mtoto, Sura ya 13, iliyotungwa mwaka 2009 ikiwa ni Sheria Namba 21, inaipa Mahakama uwezo wa kumwachia mtoto kwa masharti ya kuwa na mwenendo mwema, au kumweka chini ya uangalizi. Masharti hayo yanaweza kutaja mahali asipopaswa kufika na mtu asiyepaswa kumsogelea.

Tofauti ya milango hii ni ya msingi, kwa sababu adhabu ya kukiuka amri hutegemea amri hiyo ilitolewa kwa njia ipi.

Umri kwanza

Kabla ya yote, Mahakama huuliza umri. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka ngazi mbili chini ya hapo. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai kwa tendo lolote. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki, isipokuwa pale inapothibitishwa kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kufahamu kuwa hakupaswa kutenda hivyo.

Hii ina maana kwamba mtoto wa miaka tisa anayemrushia mawe jirani hawezi kushtakiwa, lakini haina maana kwamba aachwe. Suala lake huhamia kwa wazazi na kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye anaweza kuona kwamba mtoto huyo mwenyewe anahitaji matunzo na ulinzi, na kuiomba Mahakama itoe amri ya matunzo au ya usimamizi. Mara nyingi mtoto mdogo anayewadhuru wengine naye amedhuriwa mahali fulani, na sheria inataka chanzo hicho kitafutwe.

Kijana wa miaka 16, kama wa mfano wetu, anawajibika kwa matendo yake. Kinachobadilika ni mahakama inayomsikiliza na hatua inayoweza kuchukuliwa dhidi yake. Umri ukibishaniwa, Mahakama ina wajibu wa kuuchunguza. Hapa ndipo cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na kumbukumbu za shule vinapokuwa na uzito. Mzazi asiyekuwa na nyaraka hizo huweza kumfanya mwanawe achukuliwe kuwa mtu mzima, na mlalamikaji naye huweza kuona shauri likichelewa kwa sababu ya swali hilo moja.

Amri ikivunjwa, nini hufuata?

Jambo la kwanza ni kutoa taarifa mapema. Kwa mkazi wa Sigino, mahali pa kwenda ni kituo cha Polisi, na hasa Dawati la Jinsia na Watoto, ambako askari wamepewa jukumu la kushughulikia mashauri ya aina hii kwa faragha. Taarifa inaweza pia kupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa Mtendaji wa Kata, au kupitia simu namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo hupigwa bila malipo. Kiongozi wa mtaa au kijiji akipokea taarifa hiyo, wajibu wake ni kuifikisha Polisi au ustawi wa jamii. Hana mamlaka ya kuimaliza barazani.

Mlalamikaji aende na vitu vitatu. Cha kwanza ni nakala ya amri yenyewe, au namba ya shauri. Cha pili ni maelezo ya siku, saa na mahali, pamoja na majina ya waliokuwepo. Cha tatu ni ujumbe wa simu, usiofutwa, hata kama unatia uchungu kuusoma. Kutisha na kusumbua watu kwa njia ya simu na mitandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo ujumbe mmoja unaweza kuwa ushahidi wa uvunjaji wa amri na wakati huo huo ushahidi wa kosa jipya.

Polisi wakimkamata mtoto, sheria inataka mzazi au mlezi wake aarifiwe na Afisa Ustawi wa Jamii ahusishwe. Mtoto hapaswi kuchanganywa na watu wazima mahabusu. Mahakama ikiona ni lazima azuiwe kusubiri shauri, hupelekwa katika makao ya mahabusi ya watoto. Kwa Babati, makao yaliyo karibu yapo Arusha, takribani kilomita 170. Umbali huo ni sababu mojawapo ya Mahakama kupima kwa makini kama kumzuia ni lazima, au kama mtoto anaweza kuishi kwa ndugu mwingine mbali na mlalamikaji, kwa masharti makali zaidi.

Baada ya hapo shauri hurudi Mahakama ya Watoto. Sheria inampa Jaji Mkuu mamlaka ya kuteua jengo linalotumiwa na Mahakama ya Mwanzo litumike kuwa Mahakama ya Watoto, na anayeisimamia ni Hakimu Mkazi. Vikao vyake ni vya faragha. Afisa Ustawi wa Jamii huwepo, mzazi au mlezi huwepo, na mtoto ana haki ya kuwakilishwa na wakili. Lugha inapaswa kuwa nyepesi kiasi cha mtoto kuelewa anachotuhumiwa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yamelisaidia jambo hili, maana amri iliyoandikwa kwa lugha ambayo kijana na mama yake wanaisoma wenyewe haiachi nafasi ya mtu kusema hakuielewa.

Swali la kuelewa ndilo kiini cha shauri. Mahakama hupima kama mtoto alijua amri ipo, kama alielezwa maana yake, na kama alichofanya kilikuwa cha makusudi. Kukutana kwa bahati sokoni, kila mmoja akaendelea na safari yake, si sawa na kusimama kwenye kona ya njia saa ambayo binti hutoka shule. Kutumia simu ya rafiki hakumwondolei kijana lawama. Kunaonyesha kwamba alijua hakupaswa kutuma.

Kama amri ilikuwa sharti la dhamana, Mahakama inaweza kuongeza masharti au kuifuta dhamana. Kama ilikuwa dhamana ya kutunza amani, kiasi cha fedha kilichoahidiwa kinaweza kudaiwa kwa aliyeweka ahadi na kwa wadhamini wake. Kama ilikuwa sharti la kuachiwa baada ya kukutwa na hatia, mtoto hurudishwa mbele ya Mahakama iliyomwachia, nayo inaweza kuliangalia upya kosa la awali na kuchukua hatua nzito zaidi.

Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu inatamka kwamba kukaidi amri halali ya Mahakama ni kosa linalojitegemea. Kwa mtu mzima, adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka miwili, pale ambapo hakuna adhabu nyingine iliyowekwa. Na kama katika kuvunja amri mtoto amepiga, ametishia au ameharibu mali, kila tendo ni kosa lake lenyewe.

Kwa nini si gerezani?

Hapa ndipo wananchi wengi hukwazika. Sheria ya Mtoto inasema bila kuzunguka kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani, licha ya yanayosemwa katika sheria nyingine yoyote. Kwa hiyo ile miaka miwili haimhusu kijana wa miaka 16.

Msimamo huu haukutokana na huruma tupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na baadaye Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unataka kumnyima mtoto uhuru kuwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Sababu yake inaeleweka kwa mlezi yeyote. Kijana wa miaka 16 anayewekwa pamoja na wahalifu wazoefu hurudi nyumbani akiwa na elimu ambayo kijiji hakikumtuma kuitafuta, na njia anayorudi kuipita ni ile ile ya binti wa jirani.

Lakini kutofungwa si kuachwa. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti makali zaidi, kumweka chini ya uangalizi, au kumkabidhi kwa ndugu au mtu mwingine anayefaa kumlea, mbali na aliyemkosea. Inaweza kuamuru faini, fidia au gharama, na mara nyingi mzazi ndiye atakayelipa, hasa ikionekana kwamba uzembe wake katika malezi umechangia kosa. Kwa makosa ambayo mtu mzima angefungwa, Mahakama inaweza kutoa amri mtoto apelekwe shule ya maadilisho. Kwa Tanzania Bara shule hiyo ni Irambo, mkoani Mbeya. Kijana wa Babati anayepelekwa huko yuko mbali na rafiki, mbali na kwao, na anaishi kwa ratiba ya masomo, kazi na ushauri. Hakuna anayeweza kusema kwamba hakuna kilichofanyika.

Kabla ya kuchagua hatua, Mahakama huhitaji taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu nyumba anayotoka mtoto, shule yake, tabia yake na mazingira ya kosa. Taarifa hiyo huweza kuonyesha kwamba kijana amelelewa akimwona baba akimpiga mama, au kwamba aliacha shule na hakuna aliyemfuatilia. Haimwondolei kosa. Inamwambia hakimu ni hatua ipi itakayoizuia siku ya pili.

Anayelindwa asisahaulike

Katika mjadala wa haki za mtoto aliyekosa, ni rahisi kumsahau mtoto mwingine aliyekosewa. Binti wa mfano wetu naye ni mtoto, na kanuni ya maslahi bora ya mtoto inamhusu yeye pia. Ana haki ya kwenda shule bila kubadilisha njia, na ana haki ya jina lake kutotajwa ovyo mitaani.

Hivyo basi, upande wa mlalamikaji unapaswa kujua mambo machache. Ana haki ya kueleza hofu yake kwa Polisi na kwa mwendesha mashtaka, ili Mahakama iifahamu kabla ya kutoa uamuzi. Akiona masharti yaliyopo hayatoshi, aombe yaongezwe, kwa mfano kijana akae kwa mjomba wake kata nyingine hadi shauri liishe. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika jamii. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia nayo imekuwa ikiwafikishia wananchi huduma hiyo katika maeneo yao.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa. Vikao vya ukoo na wazee vina heshima yake, na Mahakama yenyewe huweza kuhimiza upatanisho katika makosa madogo. Lakini maelewano ya wazee hayafuti amri ya Mahakama. Mbuzi akichinjwa na mikono ikashikanwa, amri bado ipo, na kijana akimfuata binti kesho yake, amekiuka. Hata mlalamikaji mwenyewe hana uwezo wa kuiondoa kwa kauli. Familia zikiona kweli hali imebadilika, zirudi mahakamani, zieleze, na Mahakama ndiyo itakayoibadilisha au kuifuta.

Wajibu wa mzazi

Mzazi wa kijana aliyewekewa amri ana kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa ndiye anayelala naye nyumba moja. Sheria ya Mtoto inampa wajibu wa kumlea, kumwongoza na kumsimamia mtoto wake. Kwa vitendo, maana yake ni kuisoma amri pamoja naye, neno kwa neno, na kuhakikisha ameelewa. Ni kujua yuko wapi saa ambazo amri inamtaka awe nyumbani, kumpeleka kwa Afisa Ustawi wa Jamii siku anayotakiwa, na kuzungumza na walimu wake.

Mzazi pia asikubali kuwa sehemu ya kosa. Kaka anayempelekea mdogo wake ujumbe, au rafiki anayemwazima simu huku akijua kinachoandikwa, anaweza kushtakiwa kwa kusaidia au kushawishi kosa. Na kama yeye ametimiza miaka 18, ile kinga ya kutofungwa gerezani haimhusu.

Vivyo hivyo kwa wanaotaka kumfundisha kijana adabu kwa mikono yao. Kumpiga mtoto aliyekiuka amri ni shambulio, na ushahidi wa shambulio hilo unaweza kulivuruga shauri ambalo lingemlinda binti.

Amri isiwe karatasi

Kijana wa mfano wetu anaweza, kwa hatua zinazochukuliwa mapema, kusimama mbele ya hakimu ndani ya siku chache, akaulizwa kuhusu kona ya njia na ujumbe wa usiku, akapewa masharti mapya au akahamishiwa kwa ndugu wa mbali. Huo ni mwisho unaoweza kumwokoa yeye na kumtuliza binti. Taarifa isipotolewa, hatua hizo zote hazianzi, na kijana anajifunza kwamba amri ya Mahakama inaweza kuvunjwa bila mtu kusema neno.

Sheria imeshamwondoa mtoto katika mlango wa gereza. Iliyobaki ni kazi ya watu wazima wanaomzunguka: mzazi anayesimamia, kiongozi anayefikisha taarifa, askari anayeipokea, Afisa Ustawi wa Jamii anayefuatilia, na jirani asiyesema "huyo ni mtoto tu" anaposikia binti wa mwenzake ameacha kwenda shule kwa hofu.